Mama Mkwe Aliwaogesha Samaki

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, kwa maana hapa Isinya sina wa kumwambia. Mimi na mume wangu Omolo tuko na kidimbwi cha samaki aina ya ngege nyuma ya nyumba, na tangu mwaka jana nimekuwa nikichanganya chakula chao na kitunguu saumu na unga kidogo sana wa majani ya mwarobaini, vile afisa wa samaki alinifundisha, majani nikipewa na jirani yangu Kakenya kutoka mti wake, na samaki walinenepa bila kuugua mpaka baridi ya Julai walipotoka madoa meupe. Mama mkwe alikuwa ametutembelea, akaniambia, “Nyathina, mwanangu, mtoto akitoka upele huogeshwa dawa, hapewi ya kunywa tu,” nami nikacheka nikaenda kanisani, na niliporudi nilipata sufuria kubwa ya mwarobaini uliochemshwa iko tupu kando ya kidimbwi, nikaiosha nikairudisha jikoni, na kulipokucha samaki wote walikuwa wanaelea.

Mama alirudi kwao akitupa pole. Hajui kuwa ni dawa yake iliyowaua. Omolo anasema ni Kakenya. “Mtu anayetapika akisikia harufu ya samaki ndiye atakupa dawa ya samaki? Hiyo ilikuwa sumu ya panya.” Amesema hivyo hata kwa kikundi cha kanisa, na wanawake wameacha kununua maziwa ya Kakenya, sasa anawamwagia mbwa. Juzi nilimsalimia kwa Kimaasai kwenye bomba la maji, “Takwenya,” hakuitikia. Nikisema ukweli nitakuwa nimemshtaki mama kwa mwanawe. Nifanye nini?

Immaculate, Isinya

Immaculate, pole kwa samaki. Pole yangu inaishia hapo.

Mama mkwe wako alitibu samaki vile alivyotibu watoto wake. Hakujua kwamba mwarobaini unaosaidia ukiwa kidogo ndani ya chakula huua ukimwagwa kwa wingi majini. Wewe ulijua, ndiyo maana uliosha sufuria. Usiniambie ni heshima. Heshima gani hii inayolipiwa na maziwa ya jirani?

Mpigie mama simu leo, umweleze polepole, bila kumlaumu, na umwombe amwambie mwanawe mwenyewe. Akishindwa, mwambie Omolo wewe. Kisha Omolo asimame mbele ya kikundi kilekile aombe msamaha na kulisafisha jina la Kakenya. Kidimbwi kimwagwe maji mbali na mahali mifugo hunywa, na afisa akione kabla hamjaweka vifaranga wengine wa samaki. Dawa ikae ndani ya chakula, na mgeni yeyote aonyeshwe hivyo siku anapofika.

Halafu nenda kwa Kakenya. Maziwa aliyomwagia mbwa hayatarudi, na huenda asikufungulie mlango. Bisha hata hivyo. Beba sukari, usibebe samaki.