Utepe wa Kiuno cha Mama Mkuu

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana nina mkasi kwenye mkoba na sijui niutumie au niurudishe.

Nimemaliza shule mwaka huu na nasaidia darasa la chekechea huku nikijiandaa kuomba chuo cha ualimu, na barua ya kunipendekeza ataiandika mwalimu mkuu, ambaye sote tunamwita Mama Mkuu. Yeye alirudi kutoka semina akasema kuanzia sasa hesabu ni mchezo, watoto wapime kila kitu na wagundue wenyewe, sisi tusiwape majibu, basi wakapima meza, ndoo na mlango, kila kitu kikakatiwa utepe wake ukabandikwa ukutani ili walinganishe. Siku moja Mama Mkuu akaingia, akainua mikono, akasema, "Haya, wanasayansi wangu, nipimeni na mimi!" wakamzunguka kiunoni, utepe haukufika, wakaunga mwingine, nikakata, wakaubandika, kisha wakatafuta kitu cha kulingana nao, meza hapana, mlango hapana, mpaka kabinti kamoja kasiko na meno ya mbele kakanisimamisha ukutani, utepe ukanipata kuanzia kisigino mpaka utosini bila kuzidi wala kupungua, kakapiga kelele, "Dada, wewe ni kiuno cha Mama Mkuu!"

Tangu hapo naitwa Kiuno, hata na mlinzi wa getini, na mimi ni mtu wa aibu.

Sasa Jumamosi wazazi wanakuja kuona kazi za watoto, na Mama Mkuu ameniita ofisini akasema, "Mwanangu, ule utepe upunguze ufike hapa," akanigusa begani, "wazazi wasije wakaelewa vibaya." Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba watoto hunisimamisha pale kila asubuhi kuhakikisha, akasema, "Basi piga magoti kidogo." Mwalimu wa darasa naye kaniambia, "Mdogo wangu, mimi simo." Nikikata, nitakuwa nimewafundisha watoto kwamba utepe husema anachotaka mkubwa, na nisipokata, barua sipati. Nifanye nini?

Kiuno

SHANGAZI ANAJIBU

Binti yangu, nimecheka mpaka chai ikanipalia, samahani. Sasa rudisha huo mkasi. Kazi ya kupunguza kiuno ni ya mwenye kiuno.

Ila na wewe usijifanye malaika. Nani alikwambia kiuno cha mtu ni cha kutundikwa ukutani, wazazi waje kukisoma kama tangazo? Mwili ni wake. Alijitolea kwa furaha, na ana haki ya kubadili mawazo. Kuuondoa utepe anaweza. Kuufupisha na kuuacha pale hawezi, maana hapo anawaambia watoto wadogo kwamba macho yao yamekosea. Na hilo la kupiga magoti! Ukianza kupiga magoti ili hesabu ya bosi itoke sawa, hutasimama tena. Nimefanya kazi maofisini, nawajua walioanza na hiyo "kidogo".

Kesho kabla ya kengele nenda ofisini, funga mlango, mwambie: "Mama, kukata siwezi. Watoto watapima tena, na mbele ya wazazi itakuwa aibu kubwa zaidi. Niruhusu niutoe, watoto nitawaambia Mama ameomba utepe wake." Hapo umemsitiri na hukumdanganya mtu. Akikubali, mkabidhi mkononi. Ukiutupa kwenye pipa watauokota. Akikataa, mwombe aje akate mwenyewe, awaeleze wale wanasayansi sababu. Hatakuja.

Barua akikunyima, mfuate mwalimu wa darasa. Kwenye utepe hayumo, lakini kwenye barua lazima awemo, maana makamasi ya darasa lake unayafuta wewe.

Najua unaogopa na sauti itatetemeka. Iache itetemeke, mradi usitoke mle ofisini umeitikia "ndiyo, Mama".