Mama Mkwe Alileta Kuku, Nikampa Shingo na Bawa

Mshauri wetu, salaam nyingi. Naomba unisaidie, nyumba yangu inataka kuvunjika na wa kumweleza sina. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi hapa Chikongola mjini Mtwara, mume wangu Ismaili ni kibarua wa kupakua mizigo bandarini, na kuandika nimejifunza juzijuzi kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nisamehe nikikosea. Mwaka huu mvua zilikataa, unga umekuwa wa shida, na meli nazo zimepungua, siku nyingine mume wangu anakwenda asubuhi anarudi mikono mitupu, basi tukawa tunakula mara moja kwa siku, na mtoto wangu wa mwisho, Asha, ndiyo kwanza ametoka kwenye surua, amekonda mpaka nikimbeba naogopa, na bwana mganga wa zahanati aliniambia nimpe supu kila siku, nikaitikia ndiyo bwana huku moyoni najiuliza supu ya nini.

Wiki iliyopita mama mkwe wangu, Mama Mwanahawa, akaja kututembelea kutoka Nanyamba, ambako ana shamba la mikorosho, akashuka kwenye lori na kuku mnene kwapani, akasema, "Nimewaletea kitoweo, wanangu, tule pamoja." Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Lakini mume wangu alinivuta uani akaniambia, "Mama Asha, mama asijue tunavyoishi. Mpikie kama mgeni anavyopikiwa." Akamchinja yule kuku, akaenda kazini.

Nikabaki na kuku kwenye sinia, nikimtazama namwona Asha, kwa sababu ningempika wote siku ile angeliwa siku ile akaisha, basi nikatoa shingo, mabawa na miguu, firigisi nikamwekea mume wangu, nikapika mchuzi mwingi wa nazi wakalia ugali wa muhogo, na mapaja na kidari nikavipaka chumvi na ndimu nikavitundika juu ya moto vikauke kwa moshi, nikapanga kesho yake nichambue kidari kwenye kisamvu, halafu mapaja yafuate moja moja, na mwisho mifupa yote niichemshe na kunde, ili Asha asikose supu. Mama nikampa shingo na bawa. Aliangalia sahani, akala, akashukuru.

Asubuhi akaingia jikoni kuchukua maji ya kutawadha, akaiona nyama. Hakupaza sauti. Akaniuliza, "Hii ni ya nani?" Nikaona nikisema ya Asha atauliza kwa nini, na mume wangu amenikataza, nikajibu, "Ya kesho, mama." Akasema, "Kuku nimemfuga mwenyewe, nimemleta mwenyewe, na wewe unanificha." Akafunga kanga zake akaondoka bila kunywa hata uji.

Mume wangu aliposikia akaniambia, "Umeniaibisha. Nenda ukamwombe radhi, umwambie ulifanya uchoyo, la sivyo nakurudisha kwenu." Tangu hapo hali chakula nyumbani. Nikisema kweli nitamvua nguo mume wangu mbele ya mama yake, nikisema nilifanya uchoyo nitakufa na jina hilo katika ukoo wao. Na ile nyama Asha ameila kama nilivyopanga, na jana amecheza uani kwa mara ya kwanza tangu augue. Sijui nijute au nishukuru. Nifanye nini?

Sharifa, Chikongola, Mtwara

MSHAURI ANAJIBU

Sharifa mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimetafuta mahali ulipoandika wewe mwenyewe ulikula nini kwa yule kuku. Sijapaona. Kwa hiyo neno uchoyo liondoe kichwani, na usilitamke kwa mtu yeyote, hata ukilazimishwa.

Lakini kosa unalo. Mama aliyesafiri juu ya lori na kuku kwapani hapewi shingo na bawa. Ungempa paja moja. Paja la pili, kidari, mgongo na mifupa vingetosha kumpikia Asha vile vile ulivyopanga. Tena alikuuliza swali la wazi, ukamjibu nusu. Hapo ndipo ulipomwumiza, kuliko kwenye sahani.

Sasa mpe mumeo gazeti asome mwenyewe. Bwana Ismaili, wewe ndiye uliyemfunga mkeo mdomo, kisha unamwadhibu kwa kunyamaza. Unamficha nani? Mvua iliyokataa Mtwara, Nanyamba ilinyesha? Mama yako ni mkulima, njaa ameijua kabla hujazaliwa. Pengine alileta kuku kwa sababu alishajua. Kukosa kazi si aibu. Aibu ni kumtishia kumrudisha kwao mwanamke aliyemlisha mwanao.

Sharifa, fanyeni hivi. Nendeni Nanyamba wote wawili pamoja na Asha. Usihangaike kutafuta kuku wa kupeleka, mama hakuondoka kwa sababu ya njaa. Ismaili aanze kusema, aeleze hali ya nyumba kwa kinywa chake. Akimaliza, wewe omba radhi kwa mambo mawili tu, lile paja na lile jibu. Halafu mweke Asha magotini kwa bibi yake, amwone alivyo. Akikusema, nyamaza usikilize. Ana haki ya kusema.

Na jikoni, siku nyingine nyama usiitundike mbichi, itakuharibikia kwa joto hili la pwani. Ichemshe kwanza na chumvi, kisha ikaushe, na supu iliyobaki uichemshe tena asubuhi na jioni. Mipango yako mingine yote ni mizuri, wala sina la kukufundisha.

Msingoje meli, msingoje mvua. Nendeni Jumamosi hii, kabla mama hajazoea kukaa bila ninyi.