Doa Kwenye Jani

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kwa kulala kifudifudi kwenye nyasi kutwa nzima.

Najua bado umeninunia kwa kuiacha studio yako nikafuata wadudu. Basi nakutumia picha iliyonichukua siku kumi na moja. Sikwambii nimepiga nini, jicho lako litakwambia. Ukiitazama, sema kama nimepotea.

Binti yako

18 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, tumeshazoeana.

Jani ni zuri na mwanga umeupata, sikunyimi haki yako. Ila nilikufundisha kwamba picha yenye doa haitoki studio. Hilo jeusi la katikati nimelikwangua kwa wembe na kupaka rangi. Nakurudishia ikiwa safi.

Baba yako

25 Machi

Baba,

Shikamoo. Doa ulilolikwangua lilikuwa na miguu sita. Ni dundu, mdogo kuliko punje ya ufuta, na ndiye niliyemvizia siku zote hizo.

Nililia, nikidhani umemfuta kwa hasira. Kisha nikatazama kwa kioo cha kukuzia. Wembe umeteleza mara tatu, na mahali pa kijani umepaka buluu. Wewe, uliyefuta vipele vya maharusi wa mji mzima? Niambie kweli, baba, macho yana nini?

Nimeichapa upya, nakuwekea humu.

Binti yako

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nilinyamaza kwa aibu. Huu mwaka wa pili napiga picha kwa kukisia. Ulipoondoka niliyahitaji macho yako, nikashindwa kusema, nikaona bora ninune. Nisamehe.

Daktari alisema nina mtoto wa jicho. Nikamwambia mtoto ninaye mmoja tu, naye yuko porini anavizia wadudu. Alicheka, akanifanyia upasuaji. Jana ndiyo nimeruhusiwa kukaza macho, nikaanza na picha yako.

Hujapotea. Dundu wako ana vinukta vya dhahabu mgongoni, nimevihesabu tisa. Na yule mwenzake aliyejibanza chini ya ukingo wa jani, kushoto, mbona hukunitajia?

Baba yako

17 Juni

Baba,

Shikamoo. Sikumwona. Siku kumi na moja nilidhani yuko peke yake.

Njoo tuwapige wote wawili. Nyasi zimekauka, utalala vizuri.

Binti yako