Jozi Moja kwa Mabinti Wawili

Nakivale, Base Camp,
Wilaya ya Isingiro, Uganda.
Jumapili, 14 Septemba 2014

Mpendwa dada yangu Bénédicte,

Najua barua hii hutaifungua peke yako. Itangoja misa iishe, kisha itasomwa uani kwa mama huko Uvira, kama zilivyosomwa zote zilizotangulia. Kwa hiyo kabla sijakugeukia, niruhusu niwaamkie walioketi. Heshima yangu ya kwanza ni kwako, baba yetu mdogo Mzee Kabanda, uliyebeba ukoo huu tangu baba alipotutoka. Ya pili ni kwako, mama yetu Marthe. Macho yamezimika, lakini nimeambiwa bado unamtambua mtu kwa hatua zake. Nakusalimu Katekista Grégoire, ambaye bila shaka karatasi hii iko mkononi mwako, na nakuomba usome polepole. Shemeji zangu, na watoto mlio mkekani, nawasalimu nyote kwa upendo.

Sasa nakurudia wewe, Bénédicte. Hujambo? Mgongo umepoa? Unapata usingizi wa kutosha kwa kazi hiyo ya kumgeuza na kumwogesha mama kila siku? Sisi tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mvua imewahi mwaka huu, na maharage yameshaota. Kikombe chako cha bati kingali kinaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, wala hakuna anayekinywea. Mke wangu Goretti hukisugua kila Jumamosi pamoja na vingine, kisha hukirudisha mahali pake.

Ulipoondoka hapa kambini mwaka 2011 kurudi Uvira, ulimwambia binti yako Eliane kwamba ni miezi mitatu tu, mama apate nguvu. Sikulaumu, maana hakuna aliyejua. Lakini mtoto uliyemwacha ana miaka kumi na miwili sasa ana kumi na mitano, na amekuwa mrefu kuliko mimi.

Niingie kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa sita ulituma viatu vya kuchezea mpira vya Eliane, jozi moja, kwa mkono wa Patient, yule kijana muuza vitenge aendaye na kurudi. Siku hiyo Eliane alilala navyo. Asubuhi binti yangu Anne hakunywa chai, na nyumba ikawa nzito. Unajua desturi yetu: kinachotoka safarini hakiliwi na mmoja. Nami, mwalimu mzima niliyezoea kuamua kesi za wengine, niliwaita wote wawili nikakata shauri. Eliane hupiga kwa mguu wa kulia, basi na achukue cha kulia. Anne hupiga kwa kushoto, achukue cha kushoto.

Walifurahi. Anne alisema, "Weye kulia, miye kushoto. Tukikimbia pamoja tunakuwa mutu mumoja." Majirani walinisifu kwamba nimehukumu kama Sulemani. Nilipokea sifa hizo, nikasahau kwamba Sulemani hakumkata mtoto.

Walicheza hivyo wiki tano, mguu mmoja ndani ya kiatu, mwingine mtupu. Vijana wa pembeni mwa uwanja waliwatania, "Kingine kilibakia Kongo?" Wao wakacheka nao. Ijumaa ya tarehe moja Agosti, Eliane aliruka kuupiga mpira kwa kichwa, akatua kwa mguu wa kushoto, ule mtupu, juu ya udongo wenye unyevu. Kifundo kiligeuka. Nilikuwa mbali kama ilivyo hapo ulipo hadi kanisani, na niliusikia ukelele wake. Hakuita Tonton, mimi mjomba wake. Aliita mama.

Tulimpeleka Mbarara, kwenye kliniki moja ndogo huko Ruharo, kwa mama mmoja Mnyankole anayefundisha miguu iliyoumia. Mfupa ulikuwa mzima, lakini kano zilikuwa zimevutika vibaya. Tuliporudi kwake baada ya wiki mbili, uvimbe umepungua, alimsimamisha Eliane katikati ya chumba. "Simama na mguu moja. Funga macho. Hapana shika mimi." Kwa mguu wa kulia Eliane alisimama kwa pumzi sita. Kwa wa kushoto hakumaliza hata moja.

Ndipo akamwita na Anne, aliyekuja kusindikiza tu. Anne naye, asiyeumwa popote, aliyumba mara tu aliposimama kwa mguu wake usiovaa kiatu. Yule mama alinitazama. "Mzee, nani aligawa hii viatu?" Nikajibu kwamba ni mimi. "Upande moja inapanda, upande moja inabaki chini. Mwili inatafuta katikati, haipati. Huyu alianguka tayari. Huyu ingine ulikuwa unangoja aanguke lini?"

Kwa hiyo, Mzee Kabanda, uliponipigia simu na kusema, "Binti aache mupira, mguu wa binti si wa kuchezea," nilikuacha umalize kwanza, na simu ikakatika kabla sijaungama. Naungama sasa mbele ya wote. Kosa halikuwa la mpira, wala la binti, wala la mama aliyetuma viatu. Ni langu. Nakuomba, baba, umwondolee Eliane adhabu hiyo. Siku ulipotamka neno lile alikuwa karibu nami, akalisikia, na tangu hapo hula nusu ya chakula chake.

Kocha wao, Gatete, jirani yetu, ameshapiga marufuku kiatu kimoja: ni viwili au hakuna. Kila jioni kabla ya mazoezi husimamisha timu nzima kwa mguu mmoja, macho yamefumbwa. Wauza nyanya wa Base Camp wamewaita makorongo, wale ndege wasimamao kwa mguu mmoja, na jina limeshika. Jozi yako wanavaa kwa zamu, siku kwa siku, miguu yote miwili.

Eliane hufanya zoezi lake peke yake nyuma ya nyumba. Aliambiwa ahesabu pumzi. Nilidhani anahesabu namba, hata siku moja nikasogea nikasikiliza. Alikuwa anataja njia. Kila pumzi mahali pamoja, fasi moja kama asemavyo yeye: Uvira, Kamanyola, Bukavu, Goma, Rutshuru, Bunagana, Kisoro, Kabale, Mbarara, Base Camp. Nikamuuliza ni safari ya nani. Akasema, "Ni ya mama. Nikianguka Bukavu, mama analala Bukavu. Kesho ninamwanzisha tena."

Wiki ya kwanza ulilala Kamanyola siku nyingi, dada yangu. Baadaye ulikwama mpakani Bunagana siku nne mfululizo, na alikasirika kama askari wa mpakani ndiye aliyekuzuia. Jana jioni, kwa mguu wa kushoto, alikufikisha Mbarara. Aliinama, akafunga kamba za viatu, akaniambia, "Tonton, imebakia fasi moja tu."

Nilirudi ndani nikachukua kalamu.

Mnisalimie wote wanaouliza habari zetu, na wanaotuombea bila kuuliza. Goretti na Anne wanawabusu mikono. Bwana aliyewalinda kwenye njia za hofu awalinde na kwenye siku za kawaida.

Neno la mwisho ni la mkutano. Bénédicte amemtunza mama yetu peke yake miaka mitatu, ilhali ua huo umejaa wakwe na wajukuu. Mimi, mwana mkubwa wa Marthe, nimekata shauri, na safari hii sikati kitu nusu: Bénédicte aje Nakivale kwa miezi mitatu. Nyuma ya karatasi hii nimechora mistari mitatu. Naomba msitawanyike kabla majina matatu hayajaandikwa hapo, ya watakaolala kwa mama kwa zamu, mwezi kwa mwezi. Patient anarudi huku tarehe sita Oktoba. Atarudi na karatasi hiyo, na dada yangu ameketi kando yake.

Eliane atakuwa anawangoja Base Camp, amesimama kwa miguu yote miwili.

Ni mimi kaka yako, ambaye kila jioni hukutazamia,
Anatole