Nyundo Iliyolazwa Ubavu

Mpendwa Loyal,

Pokea salamu nyingi kutoka milimani kwenu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mvua za huko Oregon zimekuachia kiuno chako kipumzike. Binti yako hajambo? Mimi nipo. Mkono unatetemeka, kama unavyoona. Mwalimu aliyewasumbua watoto wa bonde zima kwa sababu ya hati mbaya, leo anaandika kama kuku aliyekanyaga wino.

Jumamosi iliyopita wahunzi tulikusanyika tena kwenye malisho ya Verlin. Ni Verlin yuleyule: kila majani yanapoanza kuanguka anatukaribisha, na bado anasema huu si mkutano, ni watu tu waliopotea njia wakiwa na fuawe zao za kufulia chuma kwenye pikapu. Moshi wa makaa ulitanda hadi kwenye miti ya jozi. Kulikuwa na maharage, mkate wa mahindi, na ile siagi ya tufaha ya mkewe ambayo ulikuwa ukiila kwa kijiko ukidhani hatukuoni. Hobart alitoa uma aliofua mwenyewe uwe zawadi ya bahati nasibu ya kofia. Mimi ndiye niliyeupata, na hauchomi hata kiazi kilichochemshwa. Nilipomlalamikia, alisema kosa ni la viazi vya siku hizi.

Siwezi tena kuinua nyundo kubwa, kwa hiyo waliniketisha kwenye kiti kando ya moto wa Verlin nizungushe mkono wa feni inayopuliza makaa na kuangalia ndoano yake isipitilize moto. Kazi ya mgonjwa, lakini niliifurahia. Ndipo niliposikia, kutoka fuawe ya tatu au ya nne nyuma yangu, nyundo ndogo ikigonga: mara mbili nyepesi, kimya kidogo, kisha moja nzito.

Loyal, unajua kwamba kila mhunzi ana namna yake ya kugonga anapomwonyesha mpiga nyundo kubwa mahali pa kupiga. Verlin hugonga kama mtu anayedai mlango ufunguliwe. Hobart hugonga na kusahau. Lakini mara mbili, kimya, kisha moja, hiyo ni yako, na wewe uko upande wa pili wa nchi. Niligeuka. Mkono wangu uliendelea kuzungusha feni. Nilipokumbuka moto, chuma cha Verlin kilikuwa kinarusha nyota nyeupe, na nusu ya ndoano ilikuwa imeyeyuka kwenye makaa.

Wangapi niliwahi kuwafokea kwa kosa hilohilo! Walinizunguka wote. Verlin alipaza sauti, “Jamani, njooni mwone! Mwalimu kachoma chuma!” Hobart akasema sheria ni sheria: anayechoma chuma anaosha masufuria ya maharage, awe mwalimu awe mchungaji wa kanisa. Mke wa Verlin aliwaambia waone haya, wamwache bibi wa watu. Nilikataa kuhurumiwa. Nilikwenda kwenye karai nikakunja mikono ya sweta.

Aliyekuja kunifutia vyombo ni mwanamke mrefu mwenye aproni ya ngozi iliyoungua. Sikuhitaji kumuuliza ni nani, maana paji la uso ni lako tupu. Alikuwa Corrie, mjukuu wako. Ulikuwa umeniambia kwamba naye ni mhunzi, lakini si kwamba angeendesha gari njia yote hiyo kuja kuona kilima ambacho babu yake hachoki kukitaja. Nilimuuliza nani alimfundisha kugonga vile. Alicheka, akasema ni wewe, na kwamba hata leo mtu yeyote anayekushikia nyundo kubwa, awe jirani, awe mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani, unamwita jina moja tu. Unamwambia, “Haya, Ardith, piga hapa.” Kisha akaniuliza, kwa upole, kama mimi ndiye Ardith mwenyewe. Niliinamia sufuria nikaisugua muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Sasa nikuambie jambo ambalo nimelikalia tangu mwaka ule uliofuata kifo cha Emmett, mume wangu. Tulikuwa tukifua chuma cha shoka la Hobart, wewe ukiongoza, mimi nikipiga. Katikati ya kazi uliilaza nyundo yako ubavu juu ya fuawe. Wewe ndiye uliyenifundisha maana yake: mpiga nyundo asimame. Lakini chuma kilikuwa bado chekundu, na hakuna mhunzi anayesimamisha kazi chuma kikiwa chekundu bila jambo kubwa. Ulikuwa unaniangalia, mdomo umefunguka. Mimi nikapiga tena. Nikapiga na kupiga mpaka chuma kikawa cheusi. Uliinua nyundo yako, ukacheka, ukawaambia wenzetu kwamba macho ya Mwalimu yanaona vitabu tu. Wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Mwaka uliofuata ulihamia kwa binti yako.

Niliiona, Loyal. Niliiona nyundo ikilala, na nilijua ulichotaka kusema. Kaburi la Emmett lilikuwa halijaota nyasi, nikaogopa midomo ya kanisani. Lakini zaidi nilijiogopa mwenyewe, kwa sababu jibu langu lilikuwa tayari. Tangu siku hiyo nimekwenda kwenye malisho yale kila mwaka, na kila mwaka nimesema nakwenda kwa ajili ya maharage. Nilikuwa nakwenda kusikiliza.

Daktari anasema moyo wangu umechoka, na hadhani nitaona miti ikichipua. Nimemwambia asiwe na haraka, kuna kazi moja imebaki kwenye moto. Usinijibu kwa barua. Piga simu, nimeiweka karibu na kitanda. Najua wewe si mtu wa maneno, na kwa umri huu sitakudai maneno. Mwombe Corrie aishike simu kando ya fuawe yako. Gonga mara mbili, kimya, kisha moja, halafu uilaze nyundo ubavu. Masikio yangu ni mazima, nitasikia ilivyolala. Na safari hii nitakuwa nimesimama.

Nisalimie binti yako, na mwambie Corrie sufuria ile sasa inang'aa kuliko zote. Verlin, mkewe na Hobart wanakusalimu. Hobart anauliza lini utamaliza shoka lake.

Wako, mpiga nyundo wako,

Ardith