Msaidizi Huondoka na Kocha Wake

Castelvasso, Jumatatu, 3 Februari

Mdogo wangu Ezio,

Jumapili ya tarehe mosi Desemba nilipoteza kazi yangu ya ukocha, na kabla giza halijaingia nikawa nimempoteza na mdogo wangu. Nimeyatanguliza hayo ili salamu zangu zisije zikanuka unafiki. Sasa nakusalimu. U hali gani? Samanta na watoto hawajambo? Mama ni mzima, goti tu ndilo linamsumbua kwa baridi hii. Bado kila Jumapili anakanda unga wa tambi za watu wote, halafu ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekula sehemu yako.

Mimi sijambo, ila nimekaa tu. Kanuni unaijua: kocha aliyefukuzwa katikati ya msimu hafundishi timu nyingine mpaka msimu uishe. Mshahara unaingia, mikono haina kazi. Gereji nimeipaka rangi mara mbili. Mtu niliyeanza kwa kubeba makreti ya kuku alfajiri na kusomea cheti cha ukocha jioni, leo nachagua rangi za gereji.

Siku ile tulifungwa tatu bila na timu ya mkiani, sikatai. Lakini tulikuwa na pointi kumi na saba katika mechi kumi na nne, nafasi ya kumi na moja, kwa kikosi ambacho mshambuliaji wake ni fundi bomba. Rais wa klabu, Gualtiero, aliniita kwenye chumba cha kufulia jezi, mashine ikizunguka, akaniambia wachezaji ishirini na wawili hawezi kuwafukuza, mimi mmoja anaweza. Unajua kila Septemba watu wanavyobishana kama kocha atafika Krismasi aile panettone, ile keki ya sikukuu ya klabu. Basi akanikabidhi ya kwangu palepale, wiki tatu kabla ya siku yake, asije mtu akasema mwaka huu kocha hakuila. Kwenye baa ya Learco wananitania hadi leo: "Kocha, hiyo keki uliila, au nayo ilikupita katikati ya miguu?"

Nilikwenda kukusubiri garini, injini ikiwaka. Msaidizi huja na kocha wake na huondoka na kocha wake. Desturi hiyo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeifuata, hata wale wanaochukiana. Ukatoka bila begi. Ukainama dirishani ukaniambia kaka, wameniomba niishike timu Jumapili moja tu, mpaka wapate mtu. Jumapili moja imezaa nane. Picha yako imetoka gazetini umevaa koti langu la mazoezi, herufi za jina langu kifuani. Hata kuzifumua mmeshindwa?

Hayo ningeyameza. Lakini wiki iliyopita Learco, akinimiminia kahawa, aliropoka kwamba gari jeupe la rais lilisimama mlangoni kwako Jumamosi, siku moja kabla ya mechi ile, mchana wote wa chakula. Mkewe alimkanyaga mguu, ila neno lilikuwa limeshatoka. Nikakumbuka kwamba Jumamosi hiyo ulichelewa mazoezini, mara ya kwanza katika miaka tisa, ukasema umebadilisha tairi. Mimi huangalia vitu, Ezio. Matairi yako yote manne yalikuwa yamechakaa sawasawa, tope lilelile. Nikadhani mmegombana na mkeo.

Sasa sikiliza jambo usilolijua. Jana mlifungwa tena: pointi tano katika mechi nane, nafasi ya pili kutoka chini. Leo asubuhi rais alinipigia simu. Anataka nirudi. Radhi hakuomba, alisema ananilipa hata nikilala, basi afadhali nilale kwenye benchi lake. Wewe utaambiwa Alhamisi jioni kwamba basi. Akanionya nisikwambie. Nimekwambia.

Nilimjibu kwamba narudi na msaidizi wangu. Akauliza nani, nikamwambia Ezio. Alicheka mpaka akakohoa, akasema sisi akina Zattoni ni bidhaa ya ajabu, ukijaribu kumrudisha mmoja dukani unapewa wote wawili. Lakini amekubali. Nilifanya hivyo kabla sijakuuliza chochote, na nilifanya makusudi, ili jibu lako lisiwe na mkate wa watoto ndani yake. Hata ukinijibu vibaya, kiti chako kipo. Utapanga koni kama zamani. Nisichokijua ni kama nitakayekaa naye hapo ni ndugu yangu au ni mfanyakazi wa klabu.

Nisalimie Samanta, uwabusu watoto. Mama naye angewasalimu kama angejua naandika. Usimtume Mama kuja kunizunguka na maneno. Alhamisi saa sita mchana nitakuwa nyumbani. Njoo au piga simu, unipe neno moja. Tulipokaa pamoja kwenye benchi dakika zote zile tisini, ulikuwa unajua tayari kwamba nafukuzwa? Ndiyo au hapana?

Kaka yako,
Ivano Zattoni