Moto Niliokunyima

Mdogo wangu Ayikoru,

Salamu kutoka Koboko. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na miguu yangu bado inanibeba kidogo. Hapa kwa Mama Zainabu, mjane wa rafiki yangu, kinyesi cha ng'ombe, maganda ya muhogo, makombo na uchafu wa choo vyote huingia katika shimo moja lililofunikwa, na gesi yake huja jikoni kwa bomba. Nilinusa sahani ya maharage kama mbwa. Akacheka: "Kula tu, Mzee! Hii moto iko yako pia. Asubuhi si ulienda choo?" Nikala sahani mbili. Yalinukia vitunguu tu.

Sasa nisikilize, maana daktari ameshaniambia ukweli, na sitaki kuingia kaburini na jambo hili. Ulipotaka kuchimba shimo kama hili kwetu Adumi, nilisimama mbele ya ukoo nikasema chakula kitanuka na watu watatucheka. Nilijua si kweli. Niliona wivu kwamba wewe, uliyeachishwa shule ili mimi niendelee, ulilifikiria kabla yangu mimi mwalimu. Tangu hapo unapuliza kuni na kukohoa. Nisamehe.

Chimba, dada. Wasomee wazee kadi hii ya posta, wajue neno langu la zamani nimelifuta. Nikirudi, kila asubuhi nitatoa mchango wangu shimoni, hadi siku ya mwisho.

Kaka yako akupendaye,
Drani